Lebo Iliyofumuliwa

"Vua saa kwanza, afande," mfinyanzi alisema. "Udongo ukiingia kwenye saa yako, kesho unanifungulia kesi."

Inspekta alivua saa, akaitia mfukoni, akakaa kwenye kigoda mbele ya meza. Wenzake kituoni walimwita Bi Kwanini, kwa sababu hakuna neno alilolipokea bila kuuliza limetoka wapi. Jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata wakubwa wake walilitumia. Nyuma yake Koplo, mwanamume mnene aliyekaribia kustaafu na ambaye magoti yake yalikuwa yamemtangulia, alitafuta nguzo ya kuegemea.

Maonyesho ya kazi za mikono yalikuwa yamefungua milango kwa siku ya pili, ambayo pia ndiyo ya mwisho. Uwanja mzima ulikuwa mabanda tu, kutoka geti la mbele hadi la nyuma, na kila banda lina meza na mtu wa kufundisha. Unakaa, unajaribu, unatengeneza kitu chako, unaondoka nacho. Jana, katika umati kama huu, bibi mmoja mwenye ugonjwa wa kusahau alipotea. Mwanawe, fundi wa friji, alitoa taarifa wakati mabanda yanafungwa. Walimtafuta hadi giza likawashinda, kisha ikanyesha mvua kubwa.

"Nifundishe kama ulivyomfundisha yeye," Inspekta alisema.

Mfinyanzi alimpa donge la udongo. "Bonyeza katikati kwa dole gumba, huku unazungusha. Taratibu. Yeye nilipomwambia azungushe, alinicheka. Akasema, 'Mwanangu, mimi nimezungusha gurudumu la cherehani kabla mama yako hajaolewa. Usinifundishe kuzungusha.'"

"Alikuwa fundi cherehani," Koplo alisema. "Mtaani kwake wanamwita Mama Cherehani mpaka leo."

"Alichotengeneza kiko wapi?"

Mfinyanzi alionyesha rafu za mbao nyuma yake, zilizojaa vyombo vya watu vinavyosubiri kukauka. Kila chombo kilikuwa na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Kwenye rafu ya chini kabisa, pembeni, palikuwa na bakuli dogo lenye ukingo uliolingana vizuri. Kikaratasi chake kiliandikwa tu "Bibi".

"Kwanini liko chini?"

"Tunaanza kujaza chini kwenda juu. Hilo ndilo la kwanza la siku. Nilikuwa hata sijamaliza kufunga turubai."

Inspekta aliacha kubonyeza. "Asubuhi?"

"Asubuhi na mapema. Mwanamume alimleta, akamkalisha hapo ulipokaa, akamfunga aproni. Kisha akamkumbatia, akaondoka."

"Akarudi?"

"Mchana kutwa sikumwona. Nilimwona jana jioni, anazunguka anauliza watu."

Koplo alikohoa. Katika maelezo yake, fundi wa friji alisema walifika mchana, baada ya kula. Alisogea pembeni kupokea simu, na aliporudi hakumkuta mama yake.

"Pengine kachanganya saa," Koplo alisema. "Mtu aliyepotelewa na mama yake hawezi kukumbuka kila kitu."

"Asubuhi na mchana anaweza kuzitofautisha."

Wakati huo huo vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo vilikoroma, na sauti ya mwanamume ikasikika juu ya uwanja mzima. Ilikuwa imekauka kwa kurudia maneno yale yale.

"Mama, ni mimi. Kama unanisikia, kaa hapo hapo ulipo. Usitoke. Nakuja kukuchukua."

Watu kwenye meza za jirani waliinua vichwa, wakatazamana, wakarudi kwenye kazi zao polepole.

"Nikamlete?" Koplo aliuliza.

"Bado. Hatakwenda popote. Kwanza tujue bibi alielekea wapi."

Inspekta alitazama bakuli lake. Lilikuwa limepasuka ubavuni.

"Umelibonyeza kama unayelihoji," mfinyanzi alisema, akalichukua na kulirudisha kwenye beseni la udongo.

*

Banda la mishumaa lilikuwa la pili kwa mkono wa kulia. Mwalimu wake alikuwa mama mwembamba mwenye makovu madogo ya moto vidoleni. Bila kungoja kuulizwa, alimpa Inspekta utambi mrefu uliofungwa kwenye kijiti.

"Unachovya, unatoa, unaning'iniza, unasubiri upoe. Kisha unachovya tena. Ukiwa na haraka unapata mshumaa wenye vinundu kama mgonjwa wa ndui."

Inspekta alichovya. Utambi ulitoka na ngozi nyembamba ya nta, akauning'iniza kwenye waya, akasubiri. Wengi waliokuwa mbele yake kwenye foleni walikuwa wameshakata tamaa na kuondoka na vijiti vinene vilivyopinda.

"Bibi aliyevaa gauni la kijani na sweta jeupe. Jana."

"Huyo simsahau. Mshumaa wake ule pale."

Ulining'inia peke yake mwishoni mwa waya. Mrefu, laini, umenyooka kama umepigwa rula. Inspekta aliupima kwa macho na wa kwake uliokuwa bado mwembamba kama kidole cha mtoto.

"Kuupata huu mtu anakaa sana."

"Alikaa hadi nikawa nimebadilisha nta kwenye sufuria. Wenzake walikuja wakaondoka, yeye anachovya tu. Tukazungumza."

"Kuhusu nini?"

"Aliniuliza hapa ni wapi. Nikamwambia. Baada ya muda akauliza tena, nikamwambia tena. Mama mkwe wangu alikuwa na ugonjwa huo huo, mimi sichoki kujibu." Mama wa mishumaa alifuta mikono kwenye kitambaa. "Halafu akanyamaza, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akasema, 'Kumbe ni leo.'"

"Leo nini?"

"Hakusema. Nilimwona anajifuta macho. Nilidhani ni moshi wa nta."

"Kisha?"

"Alikuja mwanamume wa kizibao cha njano. Mrefu. Akamshika mkono, wakaondoka wote. Nikajiambia ndiye mwanawe." Alitazama kipaza sauti kilichokuwa juu ya nguzo. "Lakini sauti hii siyo ya yule."

Koplo aliiacha meza aliyokuwa ameiegemea. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hilo sasa ni jambo jingine, afande," alisema walipotoka. "Bibi hana kumbukumbu, mtu asiyemjua anamshika mkono, wanapotea. Mimi nasema mageti yafungwe."

"Tafuta kizibao cha njano."

Kupata kizibao cha njano hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kupata kile chenyewe, kwa maana waongozaji wote wa maonyesho walikuwa wamevaa vizibao vya njano. Koplo aliwahoji mmoja baada ya mwingine, na magoti yake yakamlaumu kila hatua. Walimpata yule mrefu karibu na banda la vikapu, anawasogeza watu wasizibe njia. Aliposikia neno polisi alikunja mikono kifuani.

"Nilimshika mkono kwa sababu alijikwaa kwenye kamba ya hema. Kusaidia mzee ni kosa siku hizi?"

"Ulimpeleka wapi?" Inspekta aliuliza.

"Alikotaka mwenyewe."

"Mtu haonekani tangu jana, na wewe ndiye uliyeonekana naye. Usinijibu kwa mafumbo."

Mwongozaji alikunjua mikono. "Kwenye banda la viraka. Muulize mama wa pale, nilimkabidhi mkononi. Nilitaka kumpeleka ofisini watangaze jina lake. Akakataa. Akasema hajapotea."

"Kwanini ulitaka kumpeleka ofisini, kama hajapotea?"

"Kwa sababu ya swali aliloniuliza. Aliniuliza, 'Mwanangu, mtu mzima akiokotwa hana jina, hupelekwa wapi?' Nikadhani ni utani wa wazee. Nikamwambia, bibi, hakuna mtu asiye na jina. Akacheka. Akasema, 'Basi nipeleke penye sindano na mikasi.'"

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Afande, kama kuna jambo limempata yule bibi, mimi..." Alirudi kuwasogeza watu, lakini sauti yake ya kuwaamuru ilikuwa imeshuka.

*

Jua lilikuwa limepinduka walipofika kwenye banda la viraka. Katikati palitandikwa shuka kubwa lililozungukwa na viti. Kila mgeni alikata kipande cha kitambaa, akakishona mahali pake, akaacha alama yake. Mama wa viraka alizungumza huku pini zikiwa midomoni, na zilikuwa hazidondoki.

Alithibitisha habari ya mwongozaji. Ndiyo, alimletea bibi, akamwekea kiti, akamletea na maji, kisha akarudi kazini kwake. Koplo alishusha pumzi na kupangusa jasho. Mtu aliyemdhania mtekaji hakuwa mtekaji tena.

"Kiraka cha bibi ni hiki," mama wa viraka alisema.

Kilikuwa kitambaa cha bluu, na mshono wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba Inspekta ilibidi ainame kuuona. Alivuta kiti. "Nami nishone."

"Chagua kitambaa kapuni."

Inspekta aliingiza mkono kwenye kapu la vipande. Alitoa chekundu, akakirudisha. Alitoa cha maua, akakirudisha pia. Mkono wake ulipotoka mara ya tatu ulikuwa umeshika utepe mweupe, mfupi, wenye maandishi yaliyotariziwa kwa uzi mwekundu.

*Nikipotea mpigie mwanangu.* Chini yake palikuwa na namba ya simu.

Koplo aliisoma juu ya bega lake. Hakuhitaji kuilinganisha na chochote. Alikuwa ameipiga namba hiyo tangu jana.

"Katekwa," alisema. "Mtekaji kaondoa lebo ili asitambulike. Nilikwambia tufunge geti."

"Kaa chini, Koplo."

"Afande..."

"Kaa. Ungekuwa wewe ndiye mtekaji, lebo hii ungeiondoaje?"

"Ningeing'oa. Au ningeikata kwa mkasi."

"Iangalie."

Koplo aliigeuza geuza. Kingo zilikuwa nzima. Hapakuwa na uzi uliokatika wala kipande cha sweta kilichong'oka nayo. Pembeni yalibaki matundu madogo ya sindano, yamefuatana kwa mstari, safi.

"Hii imefumuliwa," mama wa viraka alisema, na kwa mara ya kwanza alitoa pini midomoni. "Kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja. Kumbe ndicho alichokuwa akifanya."

"Ulimwona?"

"Alivua sweta, akaliweka mapajani, akainama nalo muda mrefu. Nikamuuliza, bibi, sweta lina nini? Akanijibu, 'Kuna uzi unanikera shingoni.' Akalivaa tena, akashona kiraka chake, akaaga."

"Hakuna mtu aliyekaa karibu naye? Aliyemwamuru?"

"Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Aliniuliza gari za kwenda hospitali kuu zinasimama wapi, nikamwelekeza geti la nyuma."

"Hospitali kuu nimepiga jana na leo," Koplo alisema. "Hayupo wodini. Wala mochwari."

Juu yao vipaza sauti vilikoroma tena. "Mama, ni mimi. Kaa hapo hapo ulipo."

Inspekta alirudisha kwenye kijimto chake sindano aliyopewa, hata uzi hajaitia, akainuka na lebo mkononi.

"Sasa tumwone mwanawe."

*

Ofisi ya maonyesho ilikuwa chumba kidogo kilichojaa makopo ya rangi na viti vilivyovunjika. Fundi wa friji alikaa mbele ya maikrofoni, mabega yameshuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye mikono imara, na kwenye mkono wa kushoto alikuwa na alama za kuchubuliwa, nyingine za zamani, nyingine mpya. Alipomwona Inspekta alisimama haraka.

"Mmempata?"

"Kaa." Inspekta aliweka lebo mezani. "Hii nani aliishona?"

Fundi aliigusa kwa kidole kimoja. "Yeye mwenyewe. Siku ile daktari alipomwambia ana ugonjwa gani. Alirudi nyumbani, hakulia, akaketi kwenye cherehani, akazishona kwenye nguo zake zote. Mmeipata wapi?"

"Kaifumua mwenyewe."

"Haiwezekani. Mama hakumbuki hata kama amekula."

"Jana alikumbuka. Mlifika saa ngapi?"

"Nilishasema. Mchana, baada ya..."

"Bakuli la mama yako lilikuwa la kwanza kukaa kwenye rafu. Mshumaa wake ulichukua asubuhi nzima. Mfinyanzi alikuona unamfunga aproni. Mlifika saa ngapi?"

Nje watu walipita wakicheka, wamebeba vikapu vyao vipya. Fundi alivitazama viatu vyake.

"Asubuhi."

"Simu uliyosogea kuipokea?"

"Hapakuwa na simu."

"Ulimwacha."

"Nilimwacha."

Koplo, aliyesimama mlangoni, aligeuka akatazama nje. Inspekta alivuta kiti na kukaa karibu na fundi, magoti kwa magoti.

"Kwanini?"

Alieleza bila kupandisha sauti. Alimtunza mama yake peke yake tangu alipoanza kusahau. Dada yake aliishi mbali, akipiga simu kila wiki kuuliza kama mama anapewa mboga za kutosha. Mke wake alivumilia, alivumilia kweli, hadi siku mama alipowasha jiko na kulisahau wakati mtoto amelala chumba cha pili. Mke na mtoto walihama, yeye akabaki na mama. Alipokwenda kutengeneza friji za watu alimfungia mama mlango, na aliporudi alimkuta amechubua vidole kwa kuupiga. Alipofungua alipigwa yeye, kwa kuwa mama alidhani ni mwizi.

"Tulikwenda kwenye makao ya wazee. Mkuu wa pale akasema wanapokea wasio na mtu. Akaniangalia juu mpaka chini. Akasema, 'Huyu ana mtoto, tena mtoto mwenye afya. Rudini nyumbani.'"

"Mama yako alikuwepo?"

"Alikuwa kwenye kiti, anatazama dirishani. Nilidhani hasikii."

"Kwa hiyo ukamleta hapa."

"Nilidhani watu wa hapa wana moyo. Wameacha shughuli zao kuja kufundisha wageni kufinyanga. Wangemwona hana mtu, wangempeleka makaoni. Na asiye na mtu lazima apokewe."

"Na lebo?"

"Haki ya Mungu, niliisahau."

"Yeye hakuisahau," Inspekta alisema. "Kwanini ulirudi?"

Fundi aliigusa tena lebo. "Nilifika nyumbani. Nikafungua mlango, nikaita kama kila siku. 'Mama, nimerudi.' Nikasikia nyumba ilivyo kimya. Nikageuka hapo hapo mlangoni, lakini gari zilichelewa, na nilipofika hapa alikuwa ameshaondoka."

"Hayo makao yako wapi?"

"Ng'ambo ya barabara, ukitoka hospitali kuu."

Inspekta alikuwa ameshasimama. Koplo naye alielewa, akalaani kwa sauti ya chini. Alikuwa amepiga simu wodini na mochwari, lakini nyumba iliyotazamana na geti la hospitali hakuikumbuka.

*

Mkuu wa makao aliwapokea ukumbini, palipokuwa na harufu ya sabuni na ya uji. Alikuwa mwanamke wa maneno machache.

"Alikuja mwenyewe jana jioni, kabla ya mvua. Nilimwambia ofisi imefungwa. Akasema hana jina, hana nyumba, hana mtu. Ningemwacha barabarani? Taarifa nilipeleka kwenye kituo kidogo cha polisi cha hospitali."

"Hukumtambua? Alishawahi kuja hapa na mwanawe."

"Wanaokuja hapa ni wengi, afande. Na wengi wao nawarudisha."

Inspekta aliingia peke yake. Fundi alibaki ukumbini na Koplo, amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti.

Mama Cherehani alikuwa kitandani karibu na dirisha, amevaa sweta lake jeupe. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri. Macho yalikuwa makali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ni daktari?"

"Polisi."

"Siku hizi polisi wanakuja kwa wazee? Wezi wameisha?"

Inspekta alikaa ukingoni mwa kitanda na kuilaza lebo juu ya blanketi. Bibi aliitazama bila kuigusa.

"Mshono mzuri."

"Wa nani?"

"Wa fundi mmoja aliyekuwa bado ana macho."

"Kwanini uliufumua?"

"Wanakuitaje wewe?"

"Wananiita Bi Kwanini."

"Wamekosea. Kwanini unaijua, ndiyo maana umefika hapa."

"Nataka nisikie kwako."

Bibi aliligeukia dirisha. "Yule mtoto tangu sauti yake iwe nzito hajanikumbatia. Aibu za wanaume. Jana akanifunga aproni, akanikumbatia mbele za watu, akanibana kwa nguvu. Nikajua. Kisha ikanitoka, unajua zinavyonitoka, ikanirudia nikiwa kwenye mishumaa. Nikakasirika. Nikalia. Nilipomaliza kulia nikaona kazi yenyewe kaifanya ovyo. Kaniacha na lebo shingoni! Wangemrudishia mzigo wake hata jua halijazama." Alinyoosha blanketi. "Toka utotoni ni mtu wa haraka, lazima nimalizie mimi. Nikammalizia."

"Bibi, yeye alirudi kukutafuta. Amekuita uwanja mzima, jana na leo."

Mikono ilisimama juu ya blanketi.

"Alirudi?"

"Yuko ukumbini."

"Mjinga," bibi alisema, akalivuta blanketi. "Nina saa nzuri na saa mbaya, binti yangu. Saa mbaya siijui. Lakini ikija saa nzuri naziona alama mikononi mwake, na nyumbani kwetu haishi mtu mwingine wa kumwumiza. Usiandike kuwa nina mtu. Nakuomba kama mama yako."

Inspekta aliinuka, akafungua mlango, akawaita ndani.

Fundi alipiga magoti kando ya kitanda. "Mama."

"Simjui huyu," bibi alisema, akimtazama Inspekta.

"Mama, ni mimi."

"Simjui. Mtoeni."

"Nakuuliza kwa sheria," Inspekta alimwambia fundi. "Unamtambua bibi huyu?"

Mama yake alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo sana, kama anayemkataza mtoto kushika kitu mbele ya wageni.

"Namtambua. Ni mama yangu aliyenizaa."

"Mwongo!"

Mkuu wa makao alikunja uso, lakini sauti yake haikuwa na ukali. "Basi, kama ana mtoto, siwezi kumbakisha. Utaratibu siuandiki mimi. Jioni hii itabidi aondoke nawe."

Fundi alibaki amepiga magoti, akifikiri. Kisha akainua kichwa. "Afande, kumtelekeza mzazi ni kosa?"

"Ni kosa."

"Mkinishtaki, naingia ndani?"

"Leo hii. Mpaka mahakama iamue."

"Na yeye anakuwa hana mlezi."

Koplo alivua kofia yake, akaichunguza ndani, akaivaa tena.

"Sikiliza," Inspekta alisema. "Naweza kuandika kwamba alipotea na amepatikana. Kila siku watu wanapotea na kupatikana. Mnarudi nyumbani, na hakuna atakayekuuliza kitu."

"Nikirudi naye nitafanya nini kesho? Nimfungie tena mlango?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Andika kweli. Nilimwacha. Mfinyanzi ni shahidi."

"Hakuniacha mtu!" bibi alipiga kelele. "Nimekuja kwa miguu yangu! Mwandikie hivyo, binti, mwandikie..."

Inspekta alimgeukia mkuu wa makao. "Mlezi wake pekee akiwa mahabusu?"

"Tunampokea," mkuu wa makao alijibu. "Hapo hana mtu."

Maelezo yalichukuliwa pale pale, kwenye meza ndogo ya dawa. Fundi alisema, Koplo akaandika, akiomba mara mbili arudiwe sentensi ambayo alikuwa ameisikia vizuri. Bibi alilia kwa muda, akalaumu. Kisha alianza kuuliza baba watoto amechelewa wapi, na chakula kimeshapoa. Mkuu wa makao alimjibu kwa upole kwamba yuko njiani. Baba watoto alikuwa amezikwa miaka mingi iliyopita.

Fundi alipotia saini alirudi kitandani, akainama.

"Mama, nakwenda."

Bibi alimtazama kwa adabu, kama fundi anavyomtazama mteja asiyemfahamu. "Haya baba. Nenda salama."

Alisimama, akageuka, akatembea hadi mlangoni. Koplo alimshika kiwiko kama anayemsaidia kupanda ngazi, na pingu akaziacha mfukoni. Hapo ndipo fundi alipozidiwa. Alilia kwa sauti, uso ukutani, na Koplo akasimama naye kungoja.

Bibi alimvuta Inspekta mkono wa shati.

"Binti, yule kijana analia. Hana mama?"

"Anaye, bibi."

"Sasa mnamshikilia hapa kwa nini? Mpelekeni kwa mama yake."